Hakuna Aliyekufa Baharini

Mjini, 4 Machi

Dada Mkubwa,

"Katika kijiji hiki hakuna mtu aliyekufa baharini kwa kipindi chote kinachokumbukwa na wakazi. Uchache wa wanaume unatokana na wengi wao kuhama kwenda kutafuta kazi. Kwa hiyo kuirudisha taa ya mlangoni si jambo la lazima kwa sasa."

Nimenakili neno kwa neno, usije ukasema naongeza chumvi. Ndivyo alivyoandika yule afisa wa miwani aliyekuja kwenu, na wakubwa wake wameisoma taarifa hiyo, wameigonga muhuri, wameenda kula chakula cha mchana. Ni uongo kuanzia nukta ya kwanza hadi ya mwisho.

Naona nimeanza ugomvi kabla ya salamu. Ungekuwa karibu ungenipiga kofi la kisogo. Haya, hujambo? Viganja vyako vinaendeleaje na ile chumvi ya kwenye banda? Sisi ni wazima. Wifi yako amehamishiwa wodi ya watoto, anarudi nyumbani hoi, anavua viatu mlangoni na kulala navyo mkononi. Wanao wanamsalimu Shangazi. Yule mdogo amepoteza meno ya mbele na bado anataka kuongea kunishinda. Gazetini tuko salama. Mimi na mhariri tumegombana wiki hii kidogo tu, kwa hiyo tunaiita wiki ya amani.

Sasa nijibu. Alihama nani? Afisa anasema aliwauliza ninyi wenyewe. Baba alihamia wapi? Shemeji alihamia wapi? Mwamba uko palepale, mlango wa kupitisha mashua ni mwembamba, na taa iliyokuwa ikiuonyesha ilizimika mimi bado sijaoa. Tangu hapo watu wanarudi wakiutafuta kwa masikio, wanasikiliza wimbi linapasukia wapi. Halafu mtu anakuja, anakaa asubuhi moja, anaandika kwamba hakuna aliyekufa. Mlimwambia nini? Niandikie kila neno. Nataka kumjibu ukurasa mzima.

Mdogo wako,
Mbishi


Nyumbani, 29 Machi

Mbishi, mdogo wangu,

Salamu zako nimezipokea, na zile zilizochelewa nimezisamehe. Barua yako ilikaa kwa dereva wa barafu chini ya kiti, imefika inanuka dizeli. Mwambie wifi alale na viatu vyake, kazi ya wagonjwa naijua. Sisi tupo. Upepo uling'oa bati la jikoni, Kimya akalipigilia. Bomba limekauka tena, tunateka maji shuleni. Mwanangu anakusalimu. Yaani alipita nikiwa naandika, akaitazama karatasi, akatikisa kichwa. Kwa Kimya hiyo ni hotuba.

Unauliza tulimwambia nini. Tulimwambia kweli. Alitukusanya kwenye banda la kuparia samaki, sisi na visu vyetu mkononi, yeye akakalia kreti. Alikuwa na adabu, nisimsingizie. Akauliza, "Hapa wangapi wamekufa baharini?"

Tukatazamana. Mama Kelele, jirani yangu, akajibu, "Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Samaki tu, bwana. Hao tunafiwa nao kila siku."

Watu wakacheka, naye akacheka. Akanigeukia mimi. "Mama, mume wako yuko wapi?"

"Hajarudi."

"Anarudi lini?"

"Hajasema."

Akaandika. Akamwuliza wa pembeni yangu, na wa pembeni yake. Hajarudi. Hajarudi. Akafunga kalamu, akasema, "Poleni sana. Ajira ni tatizo kila mahali."

Nimekaa nikifikiri kama ni hapo tulipokosea. Lakini wewe ungesema nini? Mtu ambaye maji hayajamtoa hatumwiti marehemu, unajua. Kwenye nyumba ya ibada anatajwa pamoja na walio njiani, hatajwi na walio chini ya udongo. Anayeweza kumhamisha ni mtu wa nyumbani kwake peke yake, kwa mdomo wake mwenyewe, na akishatamka hakuna tena wa kumwombea njia. Afisa hakuuliza nani hajarudi. Aliuliza nani amekufa.

Alipouliza tunahitaji nini, wote tulisema taa. Kabla ya zahanati, kabla ya maji. Hilo hakuliandika?

Nitumie miwani ya kusomea. Hii barua nimeiandika nikiwa nimenyoosha mkono kama ninayemfukuza kuku.

Dada yako


Mjini, 17 Aprili

Dada Mkubwa,

Salamu kutoka kwetu sote. Miwani hiyo amechagua wifi yako, fremu nyekundu. Amesema umri wako si wa kujificha. Yule mdogo wa meno anasoma sasa, anasoma kila kitu kwa sauti, hata maandishi ya kwenye dawa ya mbu.

Makala imetoka. Niliwapiga vizuri. Wakaniita ofisini kwao, ghorofa ya tatu, nikakalishwa mbele ya mkubwa wa yule afisa, bwana mmoja mpole kama mafuta ya nazi. Nikamwambia habari ya neno lenu. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Ndugu mwandishi, tuletee majina ya waliokufa, na ndugu zao wathibitishe kwamba wamekufa. Bila vifo hakuna hatari, na bila hatari hakuna taa."

Nilibishana naye, unanijua. Nilimwuliza kama mtu akitumbukia shimoni ni lazima jirani aape kwanza ndipo shimo lifukiwe. Akatabasamu, akaagiza chai. Watu wa namna hiyo huwezi kuwashinda kwa hoja, kwa sababu hawakukaa pale ili washindane.

Kwa hiyo nakuja kwako. Waambie wanawake waseme. Anza wewe, wengine watakufuata, siku zote wanakufuata. Ni neno moja. Nimesoma vitabu vingi vya dini kuliko yule mwombeshaji wenu, na sijaona mahali Mungu anapomwacha mtu njiani kwa sababu mke wake alijibu swali la serikali. Nikuambie ukweli unaouma: imani yenu imekuwa karani wa ofisi ile. Inawaandikia taarifa bure. Kila mnaposema "hajarudi", wao wanasoma "hakuna tatizo".

Sema, dada. Shemeji angekuwa wa kwanza kukuambia useme, watoto wapate taa.

Mbishi


Nyumbani, 8 Juni

Mbishi,

Hatujambo. Miwani imekaa vizuri, Mama Kelele anaiazima kila siku na haoni chochote kwa hiyo, anaipenda rangi tu. Mvua ilikuwa nyingi, paa la shule limeingia ndani upande mmoja, watoto wanasomea kwenye banda letu, wanatoka na magamba kwenye daftari.

Nimechelewa kukujibu. Si dereva. Ni mimi.

Umeniandikia kwamba ni neno moja. Siku ya kuandikisha ndoa yako nilikuwa nimesimama nyuma yako. Karani alikuuliza, baba yako yu hai? Ukasema, "Yuko safarini." Karani akauliza safari ya wapi, wewe ukaanza kumfokea kuhusu foleni na feni mbovu. Wifi yangu akacheka, akadhani ni ubishi wako. Mimi sikucheka.

Basi anza wewe. Una gazeti zima. Andika baba amekufa, weka na jina lako chini. Siku nitakayoisoma, nitakwenda mwenyewe ghorofa ya tatu na miwani yangu nyekundu, nitawaambia ya shemeji yako.

Usinifundishe angesema nini. Mimi ndiye niliyelala naye.

Kimya ameacha kushona nyavu, anaenda na mashua ya mume wa Mama Kelele. Nilimkataza. Hakubishana. Asubuhi viatu vyake havikuwepo.

Dada yako


Mjini, 2 Julai

Dada,

Huku wote wazima, wanakusalimu.

Nimejaribu. Nilikaa mezani kwangu gazetini, pale nilipowahi kuwaandikia mawaziri mambo ambayo mpaka leo hawanisalimii. Sentensi ina maneno mawili tu. Niliandika la kwanza. Halafu nikaenda kuuliza kama kuna kahawa. Mhariri akaniambia, "Leo umekuwa mpole, unaumwa?" Nikamjibu kwa ukali ili aone kwamba siumwi.

Sitalizungumza tena.

Lakini sijaacha kupigana. Nimeandika mara tatu zaidi kuhusu mwamba, bila kumtaja wa kwetu hata mmoja, na wamechoka na mimi. Afisa wa miwani atarudi kwenu Septemba. Nimemwambia kuna jambo aulize upya. Fikirini mtakavyomjibu. Sikulazimishi, nasema fikirini.

Na Kimya mtoe majini. Mwambie mjomba amempatia nafasi kwenye mtambo wa kuchapia. Kule kelele ni nyingi, hakuna anayemtaka mtu aongee, atafurahi sana.

Mbishi


Nyumbani, 11 Agosti

Mbishi,

Salamu fupi. Dereva anapiga honi.

Juzi mvua ilishuka wakiwa wanarudi, wakaukosa mlango. Mashua imevunjika. Mume wa Mama Kelele alishika mwamba, wamemtoa, mkono umevunjika. Kimya hajarudi.

Mwambie wifi yangu aombe.

Dada


Nyumbani, 15 Agosti

Mbishi,

Kimya amerudi. Jana, upande wa mikoko. Watu wote walikuja, hata wa vijiji vya juu.

Usihangaike kuja, daraja limekatika, magari hayapiti. Hii naipeleka ng'ambo kwa miguu. Nimechoka, nitaandika.

Dada


Mjini, 22 Agosti

Dada Mkubwa, dada yangu,

Asante Mungu, na mara hii sina ubishi naye.

Barua ya mtoto kupotea na ya kurudi zilifika siku moja, mkoba mmoja. Niliifungua ya kwanza nikakaa chini. Wifi yako akaichukua ya pili, akasoma kwa sauti, "Kimya amerudi," tukashikana pale ukumbini kama wapumbavu, watoto wanatuzunguka wanaruka bila kujua wanarukia nini. Nimekwenda gazetini nikamwamkia mhariri. Ameniuliza nataka nini.

Mpe chai ya moto, afunikwe kifua, asikae kwenye upepo. Maji ya bahari yakikaa mapafuni yanaleta homa siku za baadaye, wifi yako anasema usipuuze. Na mwulize kwa niaba yangu, kule kwenye maji aliita mtu, au alinyamaza tu mpaka samaki wakaona aibu?

Namtumia koti la mvua, zuri, lina mifuko ya ndani. Avae akija huku. Kazi ya mtambo bado inamngoja, nimewaambia anakuja akipona.

Leo sina adui hata mmoja.

Mbishi


Nyumbani, 19 Septemba

Mdogo wangu,

Tunaendelea. Daraja limetengenezwa nusu. Mume wa Mama Kelele amefungwa mkono kwa mbao. Koti limefika. Ni zuri kweli. Nimelitundika.

Umekaa mjini sana, Mbishi. Mtu akitolewa na maji, tunasema amerudi. Ulijua hivyo kabla hujajua kuandika. Kimya tulimzika siku ileile, karibu na bibi yake. Nilimfunika mimi.

Sikukukasirikia. Miwani sikuwa nayo, Mama Kelele alikuwa ananisomea. Alipofika kwenye chai ya moto akaacha, akaikunja barua, akaenda kuosha vyombo vyangu ambavyo vilikuwa safi. Iliyobaki nilijisomea mwenyewe baadaye.

Sasa habari ya afisa. Alikuja, akakalia kreti ileile. Akauliza kama mwanzo: nani amekufa baharini?

Nikasimama. Nikasema, "Mwanangu amekufa. Alikuwa anautafuta mlango, hakuuona." Huyo naweza kumsema, yuko chini ya udongo, hayuko njiani.

Akaandika. Akasema, "Pole sana, mama. Mwingine?"

Nilisikia maji yanadondoka kutoka kwenye meza. Wanawake wote wale, Mbishi, unawajua nyumba zao. Kila mmoja anatazama kisu chake.

Akanigeukia tena. "Na mume wako, mama? Mdogo wako alinidokeza kuna jambo."

Nikamwambia, "Mdogo wangu anasema mengi."

Mama Kelele akamwambia, "Bwana, uliza vizuri." Akasema, "Nimeuliza vizuri, mama, ndivyo swali lilivyoandikwa." Hakuwa na ubaya. Alitueleza kwa upole kwamba kifo kimoja hakifikii kiwango cha taa, akatupa pole, akaomba maji ya kunywa. Tukampa.

Hapo nyuma nilitaka unyamaze. Sasa sitaki. Shemeji yako simtoi njiani, usiniombe tena, na baba nakuachia wewe. Lakini mtoto wa pili wa Mama Kelele anaingia majini wiki ijayo, kwa sababu mkono wa baba yake hauvuti kamba. Sisi hatuwezi kusema lao. Wewe waambie waulize letu. Una mdomo mkubwa tangu tumboni, mama alikuwa akisema ulizaliwa unalalamika. Utumie.

Dada yako


Mjini, 30 Septemba

Dada Mkubwa,

Nakusalimu. Wifi yako anakupa pole, ameshindwa kuandika mwenyewe. Alilia jikoni huku amefungua bomba tusimsikie. Watoto tumewaambia. Yule mdogo ameuliza kama Kimya alikuwa na koti.

Nilimwita yule afisa mjinga, hadharani, kwa kuandika "amehama" pale mlipomwambia "hajarudi". Mimi nimezaliwa hapo kwenye banda, na nilinunua koti. Nilitaka neno liwe na maana niliyoitaka, nikalisoma hivyo. Yeye alifanya hivyohivyo, ila yeye ana muhuri.

Nilikosea pia kuhusu imani yenu. Haikuwafanyia kazi wale. Wale walikuja kuiuliza swali lisilo lake, kisha wakachukua jibu na kwenda nalo mahali walipokuwa wameshakata shauri kwenda.

Kesho gazeti linatoka na maneno haya hapa chini. Mhariri hakukata mstari, alinirudishia tu karatasi akasema nikapumzike. Nakutumia wewe kabla, uone kama kuna neno la nyumbani nimeliharibu:

"Ninyi wa ghorofa ya tatu, wewe uliyekalia kreti na wewe uliyeagiza chai: mlisema bila vifo hakuna hatari. Mmepewa kimoja, cha mtoto wa dada yangu, mkasema hakitoshi. Sitawaletea vingine. Hamna haki ya kumwambia mwanamke amwue mume wake kwa mdomo wake ndipo mumwashie taa mwanawe.

Mnasema ndivyo swali lilivyoandikwa. Aliandika nani? Si Mungu, wala si bahari. Liliandikwa mezani kwenu na linaweza kufutwa mezani kwenu leo, kabla ya saa ya chakula. Na lile la kuhama lifuteni pia. Mtu aliyehama huacha anwani. Hawa wameacha mashua zilizopasuka, na vipande vyake mtaviona vimezungushiwa mabanda ya kuku.

Basi rudini, wote wawili, mkubwa naye aje akalie kreti. Msiulize nani amekufa. Ulizeni hivi: nani hajarudi? Kisha nyamazeni. Mtatajiwa jina moja baada ya jingine, na ikifika zamu ya dada yangu atataja mawili. Msimkatishe, msimwulize tarehe, msimwambie pole ya ajira. Andikeni kama wanavyosema, hajarudi, na hesabuni hivyohivyo. Kisha, kabla hamjapanda gari lenu, simameni mbele yao mtaje siku ya kuwasha taa. Kama hamna siku ya kutaja, msiondoke. Kaeni hapo pwani mpaka mwipate, na mvua ikishuka jioni, shukeni majini na wenzenu mkasikilize mlango uko wapi."